Loka ya upepo kwenye difu ya nyuma ya Mkonga: misimu miwili, shilingi milioni sita na fundi wawili

Naanza na jibu kabisa ili asie na mda aondoke nalo. Loka yenyewe (kifaa kinachofungwa ndani ya difu, yaani zile gia za katikati ya eksel, ili tairi zote mbili zizunguke pamoja) haina shida, ni chuma cha kazi na ningeinunua tena hata kesho. Kilichoniua ni ufungaji. Kama hela yako inatosha loka tu na haitoshi fundi anaejua difu kweli, subiri kwanza, endelea na koleo lako na mbao mpaka itoshe.

Gari ni Land Cruiser HZJ79, pikapu ya kebini moja, injini ni 1HZ ya dizeli isiyo na tabo, ina mkonga (lile bomba la kuvutia hewa lililopanda juu, ndo Mkonga wa kwenye kichwa cha habari) na tairi za 7.50R16, yaani kama pikapu zingine zote unazoziona Arusha zimebebeshwa hema. Kazi yangu ni mizigo ya kambi. Wageni wanakuja nyuma na gari zao za kufunguka paa, wanasimama kupiga picha simba, sisi wa mizigo tunatakiwa tuwe tumeshafika, hema zimesimama, maji ya kuoga yamechemka na mpishi kashatoa karanga. Mgeni hajui wala hapaswi kujua kwamba tulipita njia gani. Ndo maana gari ya mizigo ikikwama ni balaa kubwa kuliko gari ya wageni ikikwama, wao wakikwama watavutwa na wataona ni sehemu ya safari, wapiga picha na wacheke, mimi nikikwama watu kumi na wawili wanalala njaa.

Sasa Ndutu mwezi wa tatu, nyumbu wameshazaa, mvua inaanza kuchanganya, na wanaoijua ile sehemu wanaijua, chini ni udongo mweusi wa mbuga, ukikauka ni jiwe ukilowa ni sabuni. Nilikuwa upande wa ziwa Masek nimebeba kama tani moja, foo wili imeingia, gia ndogo imeingia, kila kitu kimeingia, na gari haiendi. Nikashuka kuangalia nikamwambia utingo akanyage kidogo. Tairi ya nyuma kushoto inazunguka kama pangaboi inarusha tope mpaka kwenye turubai, ya nyuma kulia ipo kwenye majani makavu kabisa imetulia tuli kama sio ya gari hii. Mbele ivo ivo, moja inazunguka moja imelala. Hiyo ndo foo wili ambayo tunajisifia nayo mjini, kumbe ikifika kwenye shida inazungusha tairi mbili tu, na zote mbili ndo zile zisizo na kitu cha kushika. Mpishi kakaa kwenye kivuli ananiuliza "bosi nipikie hapahapa?" na hakuwa anatania. Tulitoka saa tano usiku tumevutwa.

Kwa asiejua, difu ya kawaida kazi yake ni kuruhusu tairi mbili zizunguke kwa spidi tofauti, maana kwenye kona tairi ya nje inatembea njia ndefu kuliko ya ndani. Bila hivo gari ingekuwa inaburuza tairi kila kona. Tatizo ni kwamba inagawa nguvu sawa kwa sawa pande zote, kwahiyo ile yenye mshiko inapata kiasi kilekile kidogo ambacho ile inayoteleza inaweza kukihimili, na kinachohimiliwa na tairi iliyo kwenye tope ni karibu na sifuri. Loka inaondoa huo mgawanyo, inaziunganisha halfu shafti mbili (vile vyuma virefu vinavyotoka kwenye difu kwenda kwenye tairi) ziwe kama chuma kimoja, ikizunguka hii lazima na ile izunguke. Basi. Hakuna uchawi hapo.

Yangu ilikuwa na ile difu ya kubana kiasi kutoka kiwandani, yenye sahani ndani za kuzuia kidogo tairi moja isizunguke peke yake, ila gari ya umri huu zile sahani zimeshakuwa karatasi. Nikaangalia njia zangu. Ya kwanza ni difu ya Toyota yenyewe yenye loka ya umeme, inauzwa yuzdi kutoka Japani, nzima na nyumba yake. Nilikuta moja, bei nzuri, mota yake imeshika kutu haisogei hata kwa nyundo. Wenye gari zilizokuja nazo kiwandani wanajua hii stori, mota haiguswi miaka mitatu alafu siku unaihitaji imelala. Ya pili ni zile loka za kujiendesha zenyewe ambazo hazina swichi, zinajifunga ukikanyaga mafuta, rahisi na hazina bomba wala waya, ila kwenye lami zinagonga kwenye kona na gari inakuwa na tabia za ajabu, na mimi kutoka Arusha mpaka geti la Ngorongoro ni lami muda wote na pale Rhotia kuna makona. Nikaachana nazo.

Ikabaki ya upepo. Nikachukua ARB Air Locker, ni ya hao Waaustralia wa Melbourne, kampuni ya tangu 1975 na jina lake ni herufi za mwanzilishi, Anthony Ronald Brown. Kilichonishawishi ni kitu kimoja, ukiizima inakuwa difu ya kawaida kabisa, lami haijui kama ipo, ukiiwasha inafunga asilimia mia. Hakuna katikati. Ndani kuna pistoni inasukumwa na upepo, inasogeza ringi yenye meno, ringi inaishika gia ya pembeni na kuifunga na nyumba ya difu, ukitoa upepo springi zinairudisha. Upepo unatoka kwenye kompresa ndogo ya volti 12, unapita kwenye valvu ya umeme, unashuka na kabomba kembamba ka nailoni mpaka kwenye eksel. Kitu kigumu kinachotembea ni kichache. Na kompresa inajaza tairi, hilo nilidhani ni nyongeza tu kumbe ndo limekuja kuwa nusu ya faida.

Kununua. Niliagiza kwa muuzaji Nairobi, na hapa kosa la kwanza ni langu mwenyewe sio lake. Nilimwambia "ya Land Cruiser ya 70 series, nyuma" nikaona nimemaliza. Series 70 imeanza kutengenezwa 1984 na mpaka leo wanaitengeneza, kuna difu za kila aina humo. Ikaja loka nzuri inang'aa, fundi kuipima na halfu shafti meno hayalingani. Kairudishe, subiri, wiki tatu zimeenda. Kwahiyo kabla hujatuma hata senti tano, chomoa halfu shafti, hesabu meno kwa kidole, mara mbili, alafu tuma namba ya chesisi na idadi ya meno pamoja. Halfu shafti ya 79 ni za kuelea, unafungua boti za kwenye habu unaivuta nje na tairi ikiwa palepale chini, dakika kumi na tano. Nilikuwa mvivu wa dakika kumi na tano.

Bei zangu mimi, zako zinaweza kuwa tofauti: loka milioni tatu na laki mbili, kompresa laki tisa, usafiri na ushuru pale Namanga laki saba. Tufike kwenye fundi.

Fundi wa kwanza ni kijana mmoja hapa mjini, simtaji, ana mikono mepesi na injini anazijua kweli. Laki tatu, siku mbili. Nikaona nimepata. Sikumuuliza swali ambalo saivi ndo la kwanza kwangu, una ile saa ya kupimia mchezo wa meno, yaani ule uwazi mdogo kati ya meno ya gia? Hakuwa nayo. Alikuwa anashika krauni (ile gia kubwa ya difu) kwa mkono anaitikisa anasema "iko poa bosi". Kwenye krauni na pinion (gia ndogo inayoizungusha krauni) ya hii difu kitabu kinataka mchezo wa milimita 0.15 mpaka 0.20. Sehemu kumi na tano kwa mia za milimita moja, nani anaweza kuisikia hiyo kwa kidole?

Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili nikianza kupita kilomita sitini kwa saa inaanza kulia, uuuuu, ukiachia mafuta inabadilisha sauti. Nikajipa moyo kuwa ni tairi. Alafu nikaona chini ya boneti kwenye valvu kuna oili, oili ya difu, iko juu kwenye boneti! Inafikaje huko? Inafika hivi, upepo unaingia ndani ya loka kupitia kwenye kishina chenye oringi mbili (ringi za mpira za kuziba), zikikatwa wakati wa kufunga au kikikaa upande, oili inapata njia ya kuingia kwenye kabomba, na kila ukizima loka ule upepo unaorudi unaibeba mpaka juu unaitema. Ukiona oili kwenye valvu usihangaike na valvu, tatizo liko chini ndani ya difu.

Kumaliza kabisa, njia ya kwenda Natron, tumeshapita Selela, giza limeingia, kuna korongo lina mchanga. Nabonyeza loka, kompresa inalia haizimi, inalia tu, na loka haishiki. Nikaingia chini na tochi. Kabomba kapitishwa sentimita chache kutoka kwenye bomba la moshi na kamefungwa na kamba ya plastiki, kameyeyuka kamekuwa kama tambi. Nailoni na ekzosi! Nilikaa pale chini kwenye mchanga nikacheka peke yangu. Tulitoka kwa koleo kama zamani, wakati milioni zaidi ya nne ziko ndani ya eksel zimelala.

Fundi wa pili ni mzee mmoja, difu na gia boksi tu ndo kazi yake, injini hagusi. Nilivyofika akazunguka gari akaniambia "kijana, nani kakufanyia hivi?" nikasema mzee wangu tuyaache hayo. Akanipa masharti: gari inakaa kwake siku tano, simsumbui kwa simu, na beringi mpya nanunua mimi za maana sio za kwenye boksi lisilo na jina. Nikamwambia shikamoo mzee, chukua gari.

Nilienda kila siku kukaa tu naangalia, na ntaeleza alichofanya maana ndo utajua fundi wako yuko wapi. Kafungua difu nzima kaiweka mezani. Vile vifuniko vya beringi kavitia alama kwa panchi, cha kushoto na cha kulia, kwasababu havibadilishani, vimechongwa pamoja na nyumba yake. Tundu lile la kupitishia kabomba lilitobolewa na fundi wa kwanza na chenga za chuma zilikuwa bado ziko ndani, kanionyesha kwenye kiganja zinang'aa kwenye oili, zilikuwa zinazunguka na gia zangu miezi mitatu. Kaosha na dizeli mara tatu, nyumba ya eksel nayo, mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Kabadilisha beringi, oili sili na oringi, oringi kazipaka oili na kuzivalisha kwa mkono bila bisibisi. Alafu ndo ikaja ile saa, kaikaza kwenye nyumba, sindano kwenye jino la krauni, anakaza nati ya kurekebisha upande mmoja analegeza upande wa pili, tundu moja moja, anapima sehemu nne kuzunguka krauni sio moja. Akapaka meno rangi, akazungusha, akaangalia alama inakaa wapi kwenye jino, hajaipenda, akarudia. Masaa mawili na nusu kwenye kitu ambacho yule wa kwanza alitumia dakika mbili.

Kabomba kakapitisha juu kwa kufuata njia ya bomba la breki, mbali na ekzosi, kakaacha kalegee pale eksel inapopanda na kushuka, maana kakiwa kamekazwa siku eksel ikining'inia kanakatika. Jaribio la mwisho: jeki nyuma tairi zote juu, gari kwenye gia, loka imezimwa. Unazungusha tairi moja kwa mkono nyingine inazunguka kinyume. Unawasha loka, unazungusha, haisogei. Alafu povu la sabuni kwenye kila kiungo, na jaribio lingine ambalo unaweza kufanya mwenyewe kila wiki bila fundi: zima injini, washa kompresa na loka, subiri kompresa ijizime yenyewe, kaa kimya usikilize. Ikijiwasha tena baada ya mda mfupi bila wewe kugusa kitu kuna sehemu inavuja. Yangu ilikaa kimya mpaka chai ikaisha.

Laki sita yake, na vifaa laki nne na nusu. Ukijumlisha na vile vya mwanzo na ile laki tatu iliyopotea, milioni sita na laki moja na nusu. Mke wangu anaijua hii namba kuliko namba yangu ya simu.

Oili kanitilia ya madini ya kawaida, 80W-90, akasema nitembee taratibu mwanzoni na niibadilishe mapema. Nilivyoitoa ilikuwa na ule unga wa kijivu kwenye sumaku ya boti, kidogo tu, alisema ni meno yanazoeana. Ya pili ilitoka safi.

Matumizi sasa. Msimu uliopita Ndutu ileile, tope lilelile, mzigo pengine ulikuwa mzito zaidi. Naona mbele pameiva, nasimama kabla, hii ni muhimu, kabla, nabonyeza, taa inawaka, naingia na gia ndogo ya pili bila kukurupuka. Gari inapita. Haipiti kwa mbwembwe, inapita kama trekta, unasikia tu tairi zote za nyuma zinatafuna. Mpishi hata hakuamka.

Ila kuna vitu haviandikwi kwenye boksi. Loka ikiwa imewashwa gari haitaki kukata kona, inataka kwenda mbele tu, kwahiyo ukihitaji kukata zima kwanza. Na ukizima haiachii saa hiyohiyo kama eksel imejikaza, unatembea kidogo mbele au unarudi nyuma kidogo unasikia "tak" imeachia. Kwenye mlima wa ubavu na tope kuwa makini sana, bila loka tairi moja inateleza na nyingine inakushikilia, ukiwa na loka zikiteleza zinateleza zote mbili na mkia unashuka mtoni. Iliwahi kunitisha moja hiyo nikashuka nikatembea kidogo kwa miguu. Kwenye lami usiiwashe kabisa, utakunja halfu shafti. Na kama umeshazama mpaka eksel imekaa kwenye tope usitegemee loka ikutoe, itachimba mashimo mawili badala ya moja, hapo ni koleo kwanza.

Ukipunguza upepo wa tairi kwanza nusu ya mara hutaihitaji loka. Mimi kwenye mchanga nashuka mpaka psi 20, na kabla ya kuwa na kompresa nilikuwa sishuki kwasababu nitajazia wapi? Kwahiyo kuna siku huwa najiuliza ni loka ndo imenisaidia au ni kale kakompresa. Kompresa ndogo kama yangu kwa tairi kubwa ni taratibu, kujaza nne kurudi kwenye upepo wa mzigo ni kazi ya nusu saa na kitu na inapata moto, nairuhusu ipumzike katikati. Iko chini ya boneti na 1HZ ina joto na vumbi la Natron ni kama unga wa muhogo, kichujio chake kidogo nakipuliza kila safari. Waya wake uwe mnene na utoke moja kwa moja kwenye betri na fyuzi yake, usiunganishe kwenye waya wa taa kama nilivyoona kwa mtu.

Watu wananiuliza loka ya mbele. Kwa waya wa kawaida ya mbele haiwaki mpaka ya nyuma iwe imewaka, walifikiria hapo, maana mbele ukifunga usukani unakuwa mzito kama wa lori na ukikata kona huku umekanyaga unavunja sivi joint (kiungo kinachopeleka nguvu kwenye tairi ya mbele). Wale wa Rhino Charge, mashindano ya magari ya porini kule Kenya, wanaopanda mawe wanazihitaji zote mbili, sawa. Mimi nabeba hema na viazi. Tangu ya nyuma ikae sawa nimekwama mara moja, na mara hiyo hata ya mbele isingenitoa, nilikuwa nimeingia kwenye shimo la mhanga.

Muuzaji nampa nne kwa tano, alibadilisha bila maneno japo kosa lilikuwa langu. Loka tano. Mzee wa difu sina nyota za kutosha. Na kama utapita Engaresero, kijiji cha kule Natron, ukaona vijana wamepanga pikipiki kwenye foleni pembeni ya pikapu yenye turubai la kijani, hiyo ni yangu, walishagundua kuna upepo wa bure, na wa kwanza kwenye foleni huwa ni yuleyule mmoja, tairi ya nyuma ina pancha ya miezi na hataki kuiziba.